Usiulize faili linaitwaje, uliza heshi yake

Ijumaa ya tarehe 10 Desemba 2021, mafundi wa kompyuta katika mabenki, mahospitali, mashirika ya ndege na ofisi za serikali dunia nzima walikuta swali moja linawangoja kazini: je, Log4j imo ndani ya mitambo yetu? Kwa kulisikia tu, swali lilikuwa jepesi, kama kumuuliza mwenye duka kama anayo sukari. Lakini wapo waliotumia wiki kadhaa kulijibu, na wapo waliotumia miezi. Chanzo cha taabu hiyo ni jambo linalomhusu kila mtu mwenye kompyuta au simu, awe Muscat, Minneapolis au Morogoro: jina la faili halitoshi kukuambia faili hilo ni nini.

Log4j, kwa msomaji ambaye hajapata kuisikia, ni maktaba ya programu, yaani kipande cha programu kilichokwisha kuandikwa ambacho waandishi wengine wa programu hukichukua na kukitumia badala ya kuandika chao. Imeandikwa kwa lugha ya Java na inatunzwa na watu wa kujitolea chini ya Apache Software Foundation. Kazi yake ni ya ukarani tu: nani ameingia, saa ngapi, kosa gani limetokea, yote inayaandika kwenye daftari. Tatizo ni kwamba karani huyu alikuwa anatii anachokiandika. Mtu akituma maneno yaliyopangwa kwa namna fulani, hata kama ni kwenye nafasi ya kuandika jina lake au katika mazungumzo ya wachezaji wa Minecraft, Log4j iliyachukua kama amri, ikaenda kwenye seva ya mgeni, ikachukua programu huko na kuiendesha ndani ya nyumba. Chen Zhaojun wa kampuni ya Alibaba Cloud ndiye aliyewaarifu wenyewe tarehe 24 Novemba 2021. Habari zilipotoka hadharani Desemba, kosa lilikuwa limepewa namba CVE-2021-44228 na alama 10 kati ya 10 kwa ubaya.

Sasa, ndugu msomaji, karibu hakuna mtu aliyekwenda dukani akasema anataka Log4j. Ilikuja ndani ya programu nyingine, na hiyo nayo ilikuwa ndani ya nyingine. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na programu za leo zimeundwa kwa mbao zilizokatwa na mafundi ambao mwenye jahazi hajawahi kuwaona. Watafiti wa Google walihesabu mwezi huo huo wakakuta zaidi ya vifurushi 35,000 vya Java vimeguswa, yaani zaidi ya asilimia 8 ya vilivyomo katika Maven Central, ghala kuu la vifurushi vya lugha hiyo. Katika zaidi ya asilimia 80 ya hivyo, Log4j ilikuwa imekaa zaidi ya ngazi moja chini. Tume ya Marekani iliyochunguza tukio hilo ilitoa ripoti yake Julai 2022, na ndani yake imo wizara moja ya serikali kuu ya nchi hiyo iliyosema kazi ya kushughulikia kosa hilo ilikula saa 33,000.

Saa hizo hazikwenda kwenye kurekebisha kosa lenyewe, maana matoleo mapya yalitolewa upesi. Taabu kubwa ilikuwa kwenye kutafuta.

Jina linavyodanganya

Fundi anayetafuta hufanya lile ambalo mimi na wewe tungelifanya: huandika neno log4j kwenye sehemu ya kutafutia akangoja. Kompyuta humletea kila faili lenye neno hilo katika jina lake. Akibahatika atakuta log4j-core-2.14.1.jar, na jina hilo linasema kila kitu: hili ndilo, na toleo lake ni mojawapo ya yale mabovu.

Lakini majina ya mafaili hupangwa na watu, na watu hupanga wanavyotaka. Kampuni moja hulichukua faili hilo na kuondoa namba ya toleo, likabaki log4j.jar. Nyingine hulipa jina la bidhaa yake. Nyingine hulifungia ndani ya faili kubwa, na kwa nje huoni dalili yoyote. Hali kadhalika, jina huweza kumshtaki asiye na hatia. Log4j ya zamani, ile ya toleo la 1, haikuwa na kosa hili la Desemba 2021, ingawa ilikuwa na matatizo yake mengine na ilikwisha achwa kutunzwa tangu 2015. Fundi mwenye haraka aliyefuata jina peke yake angeweza kusimamisha mtambo usio na kosa hilo, akaacha mtambo wenye kosa ukiendelea kufanya kazi chumba cha pili.

Wale wanaoagiza magari kutoka Japani wanalijua jambo hili vizuri. Namba ya bamba hubadilishwa, rangi hupakwa upya, hata beji ya mbele hung'olewa ikawekwa nyingine. Mnunuzi makini hufungua boneti akatafuta namba ya chesisi. Heshi ni namba ya chesisi ya faili, tena ni bora zaidi, maana namba ya chesisi imegongwa mahali pamoja na mhalifu anaweza kuisaga, wakati heshi hutokana na mwili mzima wa faili.

Heshi inapatikanaje?

Kila faili, liwe wimbo, picha au programu, kwa kompyuta ni mlolongo wa namba. Heshi ni matokeo ya kuupitisha mlolongo huo wote, kuanzia namba ya kwanza mpaka ya mwisho, katika hesabu maalumu ambayo mwisho wake hutoa namba moja ya urefu ule ule siku zote. Faili likiwa na herufi moja au likiwa na filamu ya saa tatu, hesabu iitwayo SHA-256 hutoa tarakimu na herufi 64, kuanzia 0 hadi 9 na a hadi f. Mitambo ya kuhesabu haihitaji siri wala ruhusa ya mtu. Kompyuta ya Nairobi na kompyuta ya Oslo zikipewa faili lile lile zitatoa jibu lile lile.

Hesabu hiyo ina tabia mbili zinazoifanya iwe na faida. Ya kwanza, ukibadilisha kitu kidogo tu, jibu hubadilika lote. Herufi a peke yake, ikipitishwa kwenye SHA-256, hutoa heshi inayoanza na ca978112. Herufi b, jirani yake, hutoa inayoanza na 3e23e816. Hakuna undugu kati ya majibu hayo mawili, na mtu akibadilisha neno moja katika programu yenye mamilioni ya maneno, itakuwa vivyo hivyo. Ya pili, huwezi kurudi nyuma. Ukipewa heshi huwezi kuikamua ukapata faili, wala huwezi kukaa ukatengeneza faili lako litakalotoa heshi ya faili la mwenzako. Heshi zinazowezekana kwa SHA-256 ni nyingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu 78. Kujaribu moja baada ya nyingine si kazi ya maisha ya binadamu, wala ya dunia.

Kwa hiyo siku zile za Desemba 2021, watu wa kujitolea na makampuni ya usalama wa kompyuta walifanya jambo la maana sana. Walichukua kila toleo bovu la Log4j kutoka kwenye ghala, wakalipigia heshi, wakachapisha orodha bure mtandaoni. Fundi wa hospitali hakuhitaji tena kuuliza faili linaitwaje. Alipitisha hesabu kwenye kila faili la Java lililokuwamo katika mitambo yake, kisha akalinganisha na orodha. Faili lililojiita kwa jina la mtu mwingine likajulikana papo hapo.

Kasha ndani ya kasha

Ingekuwa vizuri kama habari ingeishia hapo, lakini haikuishia.

Faili la aina ya jar kwa kweli ni kasha lililobana mafaili mengine ndani yake. Kampuni inapotengeneza bidhaa, mara nyingi huchukua Log4j na maktaba nyingine thelathini, ikazitia zote katika kasha moja kubwa. Heshi ya kasha kubwa haifanani na heshi ya kitu chochote kilichomo ndani, kama vile uzito wa gunia usivyokuambia uzito wa kila kiazi. Ilibidi mafundi wafungue kila kasha, na kila kasha lililokuwa ndani ya kasha, ndipo wapige heshi.

Wapo pia watengenezaji wanaoibomoa maktaba yenyewe, wakachanganya vipande vyake na vyao. Hapo ilibidi kushuka ngazi nyingine na kutafuta heshi za vipande vidogo vilivyobeba kosa, hasa kile kiitwacho JndiLookup.class. Na kama mtu alichukua maandishi ya asili ya Log4j akayajenga upya mwenyewe kwa vyombo vyake, hata vipande hivyo viliweza kutoa heshi tofauti, ingawa kosa lilikuwa lile lile.

Hapa pana somo ambalo naomba msomaji alishike, kwa sababu hata mafundi hulisahau. Heshi zikifanana, umepata jibu la uhakika: hili ndilo faili lile, bila kukosa hata nukta. Heshi zisipofanana, hujapata jibu bado. Umejua tu kwamba si faili lile lile. Linaweza kuwa kitu kingine kabisa, linaweza kuwa lile lile lililojengwa upya siku nyingine. Aliyelinganisha makasha ya nje peke yake, akakuta hakuna linalofanana na orodha, kisha akamwandikia bosi wake kwamba wako salama, aliandika asichokijua.

Ndiyo maana watu wa Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, walianza mwaka 2013 kazi ya kuhakikisha kwamba maandishi yale yale ya programu, yakijengwa na mtu yeyote mahali popote kwa vyombo vile vile, yatoe faili lile lile lenye heshi ile ile. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika, maana vyombo vya kujengea programu vina tabia ya kupachika tarehe na saa ndani ya faili, na saa ikibadilika heshi nayo inabadilika. Lakini pale inapofanikiwa, mtu yeyote anaweza kujenga programu nyumbani kwake akathibitisha kwamba ile aliyopewa ndiyo iliyotokana na maandishi aliyoonyeshwa.

Daftari la wanaojulikana

Swali huweza pia kugeuzwa. Una faili, hujui limetoka wapi, jina lake halina maana. Ulipige heshi, kisha uulize: kuna mtu anayekujua?

Maven Central huruhusu kutafuta kifurushi kwa heshi yake. Ukiandika heshi, ghala linakujibu kwamba hii ni maktaba fulani, toleo fulani. Zipo programu za ukaguzi zinazofanya hivyo zenyewe kwa maelfu ya mafaili. Nchini Marekani taasisi ya serikali ya viwango, NIST, yenye makao yake Gaithersburg, Maryland, inaendesha maktaba ya kweli kweli ya programu. Hununua na kukusanya programu, huzitunza, huzipiga heshi, kisha hutoa daftari la heshi hizo kwa yeyote anayelitaka. Wapelelezi wanaokamata kompyuta yenye mamia ya maelfu ya mafaili hutumia daftari hilo kuyaondoa kwanza yale yanayojulikana, yaani mafaili ya kawaida ya Windows au ya programu za ofisini, ili macho yao yabaki kwenye yale ambayo mwenye kompyuta ameyaweka mwenyewe.

Vyombo vya waandishi wa programu navyo vimejifunza. Siku hizi mtunzi wa programu anapoitisha maktaba za watu wengine, chombo chake huandika katika orodha heshi ya kila kifurushi alichokipokea mara ya kwanza. Akiitisha tena mwezi ujao, na jina ni lile lile na namba ya toleo ni ile ile lakini heshi imebadilika, kazi inasimama. Watumiaji wa lugha ya Go wamekwenda mbele zaidi: tangu 2019 wana daftari moja la hadharani ambamo heshi ikishaandikwa haifutiki, kwa hiyo mwenye kifurushi hawezi kumpa mtu mmoja faili hili na mwingine faili lile chini ya jina moja bila kuonekana.

Heshi nazo huzeeka

Nimesema kwamba huwezi kutengeneza faili lenye heshi ya mwenzako. Hilo ni kweli kwa SHA-256 mpaka leo, lakini si kila heshi imebaki imara.

Kabla ya hapo dunia ilitumia MD5, iliyotungwa na Profesa Ronald Rivest wa chuo cha MIT mwaka 1991. Agosti 2004 mwanahisabati wa China, Bi. Xiaoyun Wang, na wenzake walionyesha kwamba wanaweza kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye heshi moja ya MD5. Wapo waliosema hayo ni mambo ya darasani. Mwaka 2012 ikagundulika programu ya ujasusi iliyoitwa Flame, iliyokuwa imeenea katika kompyuta za Mashariki ya Kati, na ndani yake imo sahihi ya kughushi iliyoifanya ionekane kama imetoka Microsoft. Sahihi hiyo ilighushiwa kwa kutumia udhaifu wa MD5.

Mrithi wake, SHA-1, alianguka tarehe 23 Februari 2017, pale watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa Google walipotoa hati mbili za PDF zenye sura tofauti na heshi moja. NIST imetaka SHA-1 iwe imeachwa kabisa ifikapo mwisho wa 2030. Heshi hizi mbili za zamani bado zinafaa kwa kutambua faili la kawaida ambalo hakuna mtu mwenye nia mbaya aliyeligusa. Lakini ukitaka kujikinga na adui, dai SHA-256 au iliyo imara zaidi yake.

Nani amekupa heshi?

Udhaifu mkubwa zaidi hauko kwenye hesabu. Uko kwa mtu aliyekupa namba ya kulinganishia.

Februari 2016 wezi wa mtandao waliingia katika tovuti ya Linux Mint, mfumo wa kompyuta unaopendwa na watu wengi, wakageuza kiungo cha kupakulia ili kiwapeleke watu kwenye nakala yenye mlango wa uani. Mtu aliyejitangaza kuwa ndiye aliyefanya kazi hiyo aliuambia mtandao wa habari wa ZDNet kwamba alibadilisha pia heshi iliyoandikwa kwenye ukurasa. Fikiria, ndugu msomaji: mtu mwangalifu aliyepakua faili, akalipiga heshi, akalinganisha na ile ya ukurasa huo huo, angeona zinafanana akafurahi. Stempu ikikaa juu ya meza moja na barua, anayeiba barua ataichukua na stempu.

Kisa cha pili kinatugusa zaidi sisi tunaoandika kutoka mbali. Machi 2018 watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto, walitoa ripoti kuhusu vyombo vilivyowekwa katika mtandao wa Türk Telekom. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mamia ya watu nchini Uturuki na Syria waliokwenda kwenye tovuti halali kupakua programu za kawaida kabisa, kama vile Opera na 7-Zip, waligeuziwa njia wakapewa nakala zilizochanganywa na programu za ujasusi. Jina la tovuti lilikuwa sahihi. Jina la programu lilikuwa sahihi. Kilichobadilishwa ni faili lenyewe, njiani, kati ya mwenye programu na mwenye kompyuta. Mtu kama huyo, kama angekuwa na heshi iliyompata kwa njia nyingine, kwa mfano kwa simu kutoka kwa ndugu yake aliye nchi nyingine na aliyepakua faili lile lile, angejua mara moja.

Kisa cha tatu ni cha 2024, na ndicho kinachotufundisha unyenyekevu. Tarehe 29 Machi mwaka huo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba amekuta mlango wa uani ndani ya XZ, maktaba ndogo ya kubania mafaili inayotumika karibu katika kila mfumo wa Linux. Aliishtukia kwa sababu kuingia kwenye mashine zake kulikuwa kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Aliyeweka mlango huo alijulikana kwa jina la Jia Tan, na alikuwa amejitolea katika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa na kupewa funguo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka kwa mkono wake, yakiwa na sahihi yake halali na heshi zisizo na kasoro. Kila aliyelinganisha alikuta zinafanana. Sumu ilitiwa jikoni, chupa zikafungwa vizuri baadaye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa maneno mengine, heshi hukuambia kwamba hiki ndicho kile. Haikuambii kwamba kile ni chema. Lakini tazama kilichofuata: mara tu kosa lilipojulikana, heshi zile zile zikawa msaada, kwa sababu kila mtu aliweza kujua kwa uhakika kama amepokea matoleo hayo au la.

Sisi tufanye nini?

Watu wetu wengi hawapakui programu kutoka kwa mwenyewe. Hupewa kwenye flashi, hurushiwa kwa simu, hutumiwa katika kundi la WhatsApp na mtu ambaye naye alitumiwa. Kuna wanaotumia GBWhatsApp, ambayo si ya wenye WhatsApp, na hakuna anayeweza kukuambia nakala uliyopewa wewe ni sawa na aliyopewa jirani yako. Kwa mtu anayechati na mchumba, hasara yaweza kuwa ndogo. Kwa mwandishi aliyekimbia nchi yake, kwa wakili, kwa kiongozi wa chama cha upinzani, kwa mama anayetuma pesa nyumbani kwa simu, hasara ni kubwa, na wakati mwingine inampata mtu aliyebaki nyumbani na si yeye.

Kupiga heshi hakuhitaji kununua kitu. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Kwenye kompyuta ya Mac ni shasum -a 256 na jina la faili. Jibu linakuja kwa muda wa kupepesa macho.

Namba ya kulinganishia ipate kwa njia tofauti na ile iliyokuletea faili. Linganisha herufi zote 64. Kulinganisha nne za mwanzo na nne za mwisho ni kujidanganya, maana kutengeneza faili linalofanana herufi chache ni rahisi kwa mwenye mashine nzuri. Wenye programu ya Signal, kwa mfano, huchapisha kwenye tovuti yao heshi ya cheti wanachotumia kutia sahihi programu yao ya Android, kwa ajili ya wale wasioweza kuipata dukani. Na simu ya Android ikikataa kusasisha programu kwa sababu sahihi haifanani na ya zamani, usiifute ile ya zamani kwa hasira ili mpya iingie. Jiulize kwanza kwa nini imekataa.

Jambo jingine kwa wenzangu wa kalamu. Ukitumiwa faili na mtu usiyemjua, unaweza kuuliza kama linajulikana kuwa na virusi bila kumwonyesha mtu yeyote yaliyomo. VirusTotal, mtandao wa kuchunguza mafaili ulioanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, hukubali kupokea heshi peke yake. Ukipakia faili lenyewe, wateja wake wanaolipia wanaweza kulipata. Ukipeleka heshi, hakuna anayeweza kuirudisha ikawa hati yako. Kama halijulikani, kumbuka lile somo la juu: kutojulikana si ushahidi wa usalama.

Kwa mafundi wetu walio nyumbani, katika mabenki, vyuo na ofisi za serikali, pana swali la kumuuliza kila anayewauzia programu: ndani yake mmetia nini, matoleo gani, na heshi zake ni zipi? Orodha kama hiyo si ndoto. Rais wa Marekani alitia saini tarehe 12 Mei 2021 amri iliyotaka wauzaji wa programu kwa serikali waandaliwe utaratibu wa kuitoa. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ambayo masharti yake makuu yataanza tarehe 11 Desemba 2027, na watengenezaji watalazimika kuwa na orodha ya angalau maktaba za ngazi ya kwanza zilizomo katika bidhaa zao. Bidhaa hizo hizo zinauzwa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala. Mnunuzi asiyedai orodha hatapewa, na siku maktaba nyingine itakapokutwa na kosa kama la Log4j, ataanza kutafuta kwa jina, faili moja baada ya jingine, wakati walioingia kwake wanajua tayari ilipo.